Mkopo Ukishauzwa, Hasara ya Kwanza ni ya Nani?

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi benki inavyokusanya maelfu ya mikopo, kuihamishia kampuni maalumu, kisha kuwauzia wawekezaji hatifungani zinazolipwa kwa marejesho ya mikopo hiyohiyo. Barua zilizotufikia baada ya hapo zilirudia swali moja kwa sura mbalimbali: soko hilo lilipoporomoka mwaka 2007 na 2008, sheria zilibadilishwa nini hasa, na mabadiliko hayo yanafanya kazi? Majibu mengi yanahusu Marekani, maana ndiko moto ulikoanzia na ndiko sheria nyingi zilikoandikwa.

SWALI: Mikopo mibovu ilikuwepo tangu zamani. Kwa nini safari hii iliangusha mabenki? (Mwanafunzi wa uchumi, Dar es Salaam)

JIBU: Tazama nani alilipwa lini. Dalali wa mkopo wa nyumba alipata kamisheni yake siku mkopo uliposainiwa. Mkopeshaji alipata fedha zake siku alipouuza. Benki ya uwekezaji ilikata ada siku hatifungani ziliponunuliwa, na kampuni ya kutoa madaraja ya ubora ililipwa na yuleyule aliyekuwa akitafuta daraja la juu. Wote hao walikuwa wameshaondoka mezani kabla mwenye nyumba hajafikia marejesho ya mwaka wa pili.

New Century, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa wateja wenye rekodi dhaifu, iliomba ulinzi wa ufilisi tarehe 2 Aprili 2007. Tarehe 9 Agosti mwaka huo BNP Paribas ikazuia wateja kutoa fedha katika mifuko yake mitatu, kwa maelezo kwamba baadhi ya hati zilizomo hazikuwa na bei tena. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mwenye hasara anayoijua anaweza kuibeba. Asiyejua kilichomo ndani ya hati yake hukataa kununua kitu chochote. Ndiyo maana soko lilikauka hata kwa mikopo ya magari na kadi za benki ambayo wateja wake walikuwa wakiendelea kulipa. Benki Kuu ya Marekani ilitangaza dirisha la dharura la kuwakopesha wanunuzi wa hati hizi, TALF, Novemba 2008, ikaanza kukopesha Machi 2009, na hadi linafungwa Juni 2010 lilikuwa limekopesha takriban dola bilioni 71. Hiyo ilikuwa huduma ya kwanza tu. Sheria kubwa ya kudhibiti sekta ya fedha, Dodd-Frank, ilisainiwa tarehe 21 Julai 2010.

SWALI: Nasikia muuzaji sasa analazimika kubaki na asilimia 5 ya hatari. Asilimia 5 ya nini, na anaishikaje? (Afisa wa mfuko wa pensheni, Nairobi)

JIBU: Hili tutalieleza kwa kirefu, kwa sababu wanunuzi wengi husoma "asilimia 5" kwenye waraka wa matarajio, yaani maelezo wanayopewa wanunuzi kabla ya mauzo, na kufunga ukurasa.

Kanuni ilipitishwa Oktoba 2014 na mamlaka sita za Marekani kwa pamoja. Ilianza kutumika tarehe 24 Desemba 2015 kwa hatifungani za mikopo ya nyumba, na mwaka mmoja baadaye kwa nyingine zote. Mwandaaji, yaani anayefungasha mikopo na kuuza hati zake, anaruhusiwa kushika hatari yake kwa wima, kwa mlalo, au kwa mchanganyiko wa njia hizo mbili.

Chukua mfano wa fungu la mikopo ya magari ambalo hati zake zote zina thamani ya dola bilioni 1: tabaka A, linalolipwa kwanza, milioni 850, tabaka B, linalofuata, milioni 70, tabaka C milioni 40, na mabaki, yaani haki ya kupokea kinachosalia wote wakishalipwa, yenye thamani ya milioni 40. Anayeshika kwa wima anachukua asilimia 5 ya kila tabaka: milioni 42.5 za A, 3.5 za B, 2 za C na 2 za mabaki. Jumla milioni 50. Anayeshika kwa mlalo lazima ashike kutoka chini kabisa kwenda juu mpaka afikishe asilimia 5 ya thamani ya hati zote, na hapa mabaki yana milioni 40 tu, yaani asilimia 4. Amepungukiwa; asipotaka kupanda hadi tabaka C, atachanganya.

Kwenye kuchanganya ndiko hesabu hukosewa. Mtu anasema: nina asilimia 4 za mlalo, naongeza asilimia 1 ya wima, nimemaliza. Hajamaliza. Asilimia 1 ya wima ni ya kila tabaka, mabaki yakiwemo, na kipande kimoja hakihesabiwi mara mbili. Dola 400,000 za mabaki zimeshaingia kwenye wima. Upande wa mlalo zinabaki milioni 39.6, sawa na asilimia 3.96. Jumla ni 4.96, na kanuni imevunjwa. Akiongeza wima hadi asilimia 1.1 anapata jumla ya 5.056, anapita.

Sasa tazama maana yake kwako wewe mnunuzi. Tuseme mikopo imeleta hasara ya milioni 30 kuliko ilivyotarajiwa, na yote inaangukia mabaki. Mwandaaji aliyeshika kwa wima na kuuza yaliyobaki anapoteza asilimia 5 ya hiyo, dola milioni 1.5. Aliyeshika mabaki yote anapoteza milioni 30 nzima. Wote wawili wameandika "asilimia 5" kwenye waraka, na wote wametii sheria, lakini mmoja ameumia mara 20 ya mwenzake. Kwa maoni yetu, kushika kwa mlalo ndiko kunakomfanya mkopeshaji apekue stakabadhi za mshahara za mteja. Kushika kwa wima kunampa tu nafasi ya kusema naye yumo.

Kagua mambo mengine matatu. Mwandaaji haruhusiwi kuuza kipande chake wala kukikatia kinga dhidi ya hasara. Akikiweka rehani, mkopo huo lazima uwe ule unaomruhusu mkopeshaji kudai mali zake nyingine zote. Anayeshika kwa mlalo lazima aeleze alivyopata thamani: kiwango cha punguzo, kiwango cha kushindwa kulipa, kasi ya watu kulipa mapema. Makadirio hayo yanafaa kusomwa mstari kwa mstari, maana mwenye matumaini makubwa huyapa mabaki thamani kubwa na hivyo kufikisha asilimia 5 kwa karatasi nyembamba. La tatu, zuio lina mwisho. Kwa magari na kadi linaisha pale mambo yote matatu yakishatimia: salio la mikopo limeshuka hadi asilimia 33, salio la hati vivyo hivyo, na miaka 2 imepita. Kwa nyumba ni miaka 5 au salio kufika asilimia 25, kati ya hayo lile litakalochelewa, ila si zaidi ya miaka 7.

SWALI: Kama mikopo ya nyumba ndiyo iliyoleta balaa, mbona nasoma kwamba ndiyo iliyosamehewa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Umesoma sawa. Sheria iliruhusu msamaha kwa mikopo ya nyumba "yenye sifa". Rasimu ya mwaka 2011 ilitaka sifa hiyo iwe pamoja na mnunuzi kutanguliza asilimia 20 ya bei. Wajenzi, mabenki na watetezi wa wanunuzi wa kipato cha chini walipinga kwa sauti moja, jambo lisilotokea mara nyingi, na kanuni ya 2014 ikaondoa sharti hilo. Sifa ikawa ileile ya kanuni ya uwezo wa kulipa iliyoanza Januari 2014: mapato yamethibitishwa, hakuna mkopo ambao deni lake linaongezeka kadiri unavyolipa, muda hauzidi miaka 30, na kadhalika. Ukitimiza hayo, mwandaaji habaki hata na senti.

Nje ya hapo, mikopo inayopitia Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, pia imetolewa, mradi mashirika hayo yako chini ya uangalizi wa serikali yaliowekewa Septemba 2008. Na tarehe 9 Februari 2018 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba mameneja wanaonunua mikopo ya kampuni sokoni na kuifungasha hawabanwi na asilimia 5, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuambiwa "abakishe" kitu ambacho hakuwahi kukimiliki. Kisheria hoja ina mantiki. Ila ukijumlisha matundu yote, kanuni inayotajwa kila mahali inabana zaidi magari, kadi na majengo ya biashara kuliko nyumba.

SWALI: Habari zenu. Nina mkopo wa gari huku Louisville, Kentucky. Rafiki ameniambia mkopo wangu umeuzwa na habari zangu ziko kwenye mtandao wa serikali. Ni kweli? Na masharti yangu yanaweza kubadilishwa? (Msomaji, Marekani)

JIBU: Masharti hayabadiliki. Mnunuzi wa mkopo anarithi mkataba uliousaini: riba ileile, tarehe ileile, haki zako zilezile. Mara nyingi hata unayemlipa habadiliki, kwa sababu mkopeshaji wa awali anabaki kuwa mkusanyaji wa marejesho. Kwa mkopo wa nyumba, sheria ya Mei 2009 inamtaka mmiliki mpya akuandikie ndani ya siku 30. Kwa gari usishangae usipopata barua.

Kuhusu habari zako, kuna ukweli nusu. Tume ya dhamana ya Marekani (SEC) ilipitisha Agosti 2014 kanuni zinazojulikana kama Regulation AB II, na tangu Novemba 2016 hatifungani za mikopo ya magari zinazosajiliwa kwa umma lazima zichapishe taarifa za mkopo mmojammoja, vipengele 72 kwa kila mkopo. Jina, anwani na namba ya gari havimo. Yamo jimbo unaloishi, alama zako za mkopo, riba, aina na mwaka wa gari, uwiano wa malipo na kipato, na siku ulizochelewa.

Ukitaka kuona, fungua EDGAR, hifadhi ya nyaraka ya SEC isiyo na malipo. Tafuta jina la mfuko wa magari, mara nyingi ni jina la kampuni pamoja na mwaka na namba ya toleo. Chuja fomu za ABS-EE, kisha fungua kiambatisho namba 102. Ni faili la XML lenye makumi ya maelfu ya mikopo, kwa hiyo usilifungue kwa kivinjari cha simu. Lipakue na kuliingiza kwenye programu ya majedwali. Muhtasari wa mwezi uko kwenye fomu 10-D, inayotakiwa ndani ya siku 15 baada ya tarehe ya malipo.

Wanaonunua hati hizo waanze na safu mbili. Moja ni ya uthibitisho wa kipato: msimbo unaonyesha kama mteja alijitajia tu au kama kuna aliyehakiki. Ya pili ni idadi ya nyongeza za muda. Mkusanyaji akimwongezea mteja muda, mkopo unahama kutoka kwenye "umechelewa siku 60" na kurudi kwenye "uko sawa" bila hata dola moja kulipwa. Fungu ambalo ucheleweshaji wake unashuka huku nyongeza zikipanda halijapona.

SWALI: Kampuni za madaraja zilitoa AAA, daraja la juu kabisa, kwa takataka. Zilifanywa nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Zilitozwa fedha. Standard & Poor's ilikubali kulipa dola bilioni 1.375 mwaka 2015, na Moody's takriban milioni 864 mwaka 2017. Lakini kisa kinachofundisha zaidi ni kifungu kimoja cha Dodd-Frank ambacho kilikufa siku kilipozaliwa.

Awali kampuni hizo zilikuwa na kinga: daraja likitajwa kwenye waraka uliosajiliwa, mtoaji hakuwajibika kama mtaalamu anavyowajibika, mkaguzi wa hesabu kwa mfano. Bunge likaifuta kinga hiyo, na ufutaji ukaanza kazi palepale. Kampuni za madaraja zikajibu kwa kukataa madaraja yao yatajwe. Kanuni za SEC nazo zilikuwa zinataka daraja litajwe ikiwa ni sharti la mauzo. Soko la hati zilizosajiliwa likagonga ukuta. Tarehe 22 Julai 2010, siku moja baada ya sheria kusainiwa, maofisa wa SEC waliiandikia Ford Motor Credit kwamba hawatachukua hatua ikiuza bila kutaja daraja. Ruhusa ilikuwa ya miezi sita; Novemba mwaka huo ikaongezwa bila kuwekewa mwisho. Matokeo yake mnunuzi analipata daraja nje ya waraka, na uwajibikaji ambao Bunge liliutaka haujawahi kujaribiwa.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kuliondolea daraja nafasi yake kwenye sheria. Zamani, kampuni iliyotaka njia ya haraka, ya kusajili mara moja na kuuza mara nyingi, ilihitaji daraja la uwekezaji. Kwa kanuni za 2014 inahitaji mkurugenzi mkuu wa kampuni inayotoa hati atie saini yake binafsi kwamba ameusoma waraka na mpangilio wa malipo una msingi, mkaguzi huru wa mikopo awepo, na njia ya kutatua migogoro iandikwe kwenye mkataba. Waraka wa awali nao lazima utolewe angalau siku 3 za kazi kabla ya mauzo ya kwanza. Kabla ya hapo wanunuzi walikuwa wakiamua ndani ya saa chache.

SWALI: Wawekezaji waliodanganywa kuhusu ubora wa mikopo, si wangeshtaki tu kwa kuvunja mkataba? (Mwanafunzi wa sheria, Kampala)

JIBU: Wengi walijaribu, na wengi walishindwa kwa kalenda. Soma kesi ya ACE Securities dhidi ya DB Structured Products, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York Juni 2015.

Mkataba wa aina hii huwa na ahadi kuhusu kila mkopo: nyumba inakaliwa na mwenyewe, kipato ni hiki, thamani ni hii. Ahadi ikiwa ya uongo, muuzaji arekebishe ndani ya siku 60 au aununue tena ndani ya siku 90 tangu aarifiwe. Mauzo yalifungwa tarehe 28 Machi 2006. Kesi ilifunguliwa na wawekezaji tarehe 28 Machi 2012, siku ya mwisho ya ukomo wa miaka 6, na mdhamini wa mfuko, anayeshika mali kwa niaba ya wawekezaji, akaingia miezi kadhaa baadaye. Hoja yake ilikuwa kwamba ukomo uanze kuhesabiwa siku muuzaji alipokataa kununua tena. Mahakama ikasema hapana: ahadi ilivunjwa siku ilipotolewa, na kununua tena ni tiba ya uvunjaji huo, si ahadi mpya. Zaidi ya hapo, siku 60 na 90 zilikuwa hazijaisha kesi ilipofunguliwa. Kesi ikafa.

Tatizo la ndani zaidi lilikuwa kwamba mwekezaji hana faili za mikopo, mdhamini anazo ila halipwi kuzisoma, na mikataba mingi ilitaka wenye asilimia 25 ya haki za kura wakubaliane kabla mdhamini hajalazimika kuchukua hatua. Wawekezaji hawakuwa na njia ya kufahamiana. Miaka 6 inapita upesi namna hiyo.

Regulation AB II ililenga hapohapo. Mikopo iliyochelewa siku 60 au zaidi ikizidi kiwango kilichotajwa kwenye mkataba, wawekezaji wanaweza kuitisha kura. Hairuhusiwi kudai zaidi ya asilimia 5 ya hati ili kura iitishwe, na wingi wa kawaida wa waliopiga unatosha. Hapo mkaguzi asiye na uhusiano na mwandaaji, mkusanyaji wala mdhamini anazipitia faili. Yeye hatoi hukumu, anaandika tu alichokiona. Dai la kununua tena lisipomalizika ndani ya siku 180, aliyelileta anachagua usuluhishi au baraza la maamuzi, na mwekezaji anayetaka kuwasiliana na wenzake lazima ombi lake litangazwe kwenye fomu 10-D.

Tahadhari kwa mwanasheria mchanga: haya yote ni ya hati zilizosajiliwa kwa njia ya haraka. Zinazouzwa faragha kwa taasisi kubwa, chini ya Kanuni 144A, hazibanwi nayo. Asilimia 5 inazibana, na ripoti ya madai ya kununua tena kwenye fomu ABS-15G inazibana pia. Watu huchanganya makundi haya kila siku. Mikopo ya nyumba isiyo ya Fannie wala Freddie sasa huuzwa karibu yote kwa faragha, na sababu mojawapo inayotajwa ni vile vipengele 270 vya taarifa vinavyotakiwa kwa kila mkopo wa nyumba uliosajiliwa.

SWALI: Je, benki bado inaweza kuuza hati kisha ikacheza kamari kwamba zitaanguka? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Goldman Sachs ililipa dola milioni 550 Julai 2010 kumaliza shauri la hati zilizoitwa Abacus, ambapo wanunuzi hawakuambiwa kwamba mfuko uliosaidia kuchagua mali iliyomo ulikuwa umejipanga kufaidika zikianguka. Dodd-Frank ikakataza. Kanuni ya utekelezaji ya SEC, namba 192, ilipitishwa Novemba 2023, na inahusu hati zilizouzwa kuanzia tarehe 9 Juni 2025. Zuio linaanza mtu anapochukua hatua za maana kuelekea makubaliano ya kushiriki na linaisha mwaka 1 baada ya mauzo ya kwanza kufungwa. Miaka 15 kati ya sheria na utekelezaji. Atakayekwambia mambo haya huenda haraka, mwonyeshe kalenda hiyo.

SWALI: Nafanya kazi katika idara ya uwekezaji hapa Brussels. Kwa nini Ulaya inanibana mimi mnunuzi badala ya muuzaji? (Msomaji, Ubelgiji)

JIBU: Kwa sababu Ulaya ilianza na upande wa mnunuzi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2011 benki ya Ulaya haikuruhusiwa kununua hati mpya za aina hii isipokuwa muuzaji ametamka kwamba amebaki na asilimia 5; ikipuuza, inatakiwa kutenga mtaji mwingi zaidi. Muuzaji aliye Ohio au Tokyo hafikiwi na sheria ya Ulaya, ila mteja wake anafikiwa. Kanuni ya 2017/2402, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2019, iliongeza wajibu wa moja kwa moja kwa muuzaji, ikapiga marufuku kwa ujumla kufungasha hati zilizokwisha kufungashwa, na kuweka nembo ya hati "sahili, wazi na zenye viwango" zinazohitaji mtaji mdogo. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya mwaka.

Kwenye dawati lako, tofauti na Marekani zitakukamata hapa: Ulaya hupima kwa thamani ya usoni, ile iliyoandikwa kwenye hati, Marekani kwa mlalo hupima kwa thamani ya soko. Ulaya hairuhusu kuachia kipande hadi hati ziishe, Marekani inaruhusu. Ulaya inakubali kubakisha mikopo iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, isiyopungua 100 kwenye fungu la kuchagulia, na inakataza kuchagua kwa siri mikopo mibaya kuliko ile inayobaki kwenye vitabu vya mkopeshaji. Ukinunua hati ya Kimarekani, barua ya kuridhisha masharti ya Ulaya iwe mkononi kabla ya bei kufungwa. Ukiiomba baadaye hakuna wa kukuandikia. Uingereza nayo ina kitabu chake tangu tarehe 1 Novemba 2024.

SWALI: Kampuni maalumu bado inaficha madeni nje ya mizania? (Mhasibu, Arusha)

JIBU: Si kwa urahisi ule. Juni 2009 Marekani ilitoa viwango vya uhasibu FAS 166 na 167, vilivyofuta aina ya kampuni ambayo hesabu zake hazikutakiwa kuunganishwa na za benki. Benki nyingi kubwa zilirudisha mifuko yao ya kadi kwenye mizania robo ya kwanza ya 2010. Kwako wewe unayetumia IFRS, viwango vya kimataifa vya uhasibu, uliza maswali mawili tofauti na usiyachanganye: IFRS 10, nani anadhibiti kampuni na kubeba faida na hasara yake, na IFRS 9, je, mikopo imeondoka kweli au hatari imebaki. Muuzaji anayeshika mabaki yote kwa kawaida hujibu vibaya maswali yote mawili, hata kama mwanasheria ameandika kwamba mauzo ni halali.

SWALI: Kenya imeuza tozo ya barabara kwa mtindo huu. Kanuni hizi za Marekani zinatusaidia nini? (Mkandarasi, Kisumu)

JIBU: Zinasaidia kuuliza, ila si kwa maswali yaleyale. Kenya ina kanuni zake za hati hizi tangu 2007. Katika mpango wa tozo wa mwaka 2025, shilingi 7 kati ya 25 zilizokatwa kwa kila lita ya mafuta zilielekezwa kwa wanunuzi ili zipatikane takriban bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi. Hapa hakuna maelfu ya wakopaji wa kuchunguza mmojammoja. Kuna mto mmoja wa fedha zijazo.

Kwa hiyo acha jedwali la ucheleweshaji, uliza haya. Haki ya zile shilingi 7 imehamishwa kabisa au imewekwa rehani tu? Bunge likipunguza tozo, au lita zikipungua kwa sababu magari ya umeme yameongezeka, nani anafidia? Fedha zinapita kwenye akaunti ya nani kabla ya kufika kwa mdhamini, na zinakaa huko siku ngapi? Kuna akiba ya miezi mingapi? Na lile la asilimia 5 linabaki vilevile: aliyepanga mpango ameshika kipande cha chini, au amechukua ada na kwenda?

SWALI: Nimesoma kwamba kampuni ya magari ya Texas iliweka mikopo ileile rehani kwa wakopeshaji zaidi ya mmoja. Sheria zote hizo zilikuwa wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Unaizungumzia Tricolor, iliyoomba kufilisiwa chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi ya Marekani Septemba 2025. Waendesha mashtaka walidai hivyo mwaka 2025. Jibu la jumla ni kwamba sheria za baada ya 2008 zililenga mkopeshaji mzembe. Mwizi hazikumlenga sana. Asilimia 5 haimzuii mtu anayeuza kitu kimoja mara mbili, kwa sababu yeye hakusudii kubaki kuona hasara.

Hata ukaguzi wa kawaida haumgundui. Kampuni ya uhasibu huchukua sampuli ya mikataba, inalinganisha jina, riba na salio na jedwali la mwandaaji, na ripoti inawekwa kwenye ABS-15G siku 5 za kazi kabla ya mauzo. Mkataba uliowekwa rehani mara mbili unapita mtihani huo bila shida, maana ni mkataba halisi na tarakimu zake ni sahihi. Kosa liko kwenye jedwali la mkopeshaji mwingine ambalo mkaguzi huyu hajaonyeshwa. Usajili wa rehani dhidi ya kampuni nao hautaji gari mojamoja.

Kinachozuia ni kazi ya ghala. Namba za chasisi za mafungu yote ya kampuni inayokopesha magari, kwa mabenki yote yanayoikopesha, zilinganishwe na mtu mmoja asiye mwajiriwa wa kampuni hiyo, kila mwezi, siyo mara moja. Mikataba ya kielektroniki ikae kwenye hifadhi inayotambua nakala moja tu yenye mamlaka, na ufunguo usiwe kwa kampuni hiyo. Marejesho ya wateja yaingie moja kwa moja kwenye akaunti inayodhibitiwa na mdhamini. Na mkusanyaji wa marejesho wa akiba, yaani atakayeshika kazi wa kwanza akishindwa, awe anapokea data kila mwezi tangu mwanzo, ili siku ya kukabidhiwa kazi asikute tarakimu ambazo hajawahi kuziona.